Dada, usichanganye hiyo poda ya zinki. Soma hapa kwanza

Funga huo mfuko. Sijali mapishi umepewa na nani wala ana wafuasi wangapi. Poda ya zinki oksaidi haikorogwi na mafuta ya nazi jikoni halafu akapakwa mtoto mwenye ualbino na kutolewa juani. Ningekuwa napajua kwako ningekuja kuuchukua huo mfuko leo hii.

Kwa mlioingia katikati ya uzi: mleta mada ana mtoto wa miaka mitano mwenye ualbino, mafuta ya jua aliyopewa kliniki yameisha, na amenunua nusu kilo ya poda ya zinki oksaidi. Anaomba vipimo vya kuchanganya na mafuta ya nazi na ya shea. Ameuliza pia kama chembe ndogo za zinki, zile wanazoziita nano, zinaingia kwenye damu. Kama anaweza kumpaka mdogo wake mchanga penye upele wa nepi. Waliotangulia wamemjibu kwa vipimo. Mmoja kaandika kwa kujiamini kabisa: "Vijiko vinne vya chakula kwa kopo la nusu lita, hapo una SPF 50." SPF ni ile namba ya nguvu ya kinga ya jua. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, maana sentensi hiyohiyo, karibu neno kwa neno, nimeshawahi kuuziwa.

Binti yangu ana ualbino. Tunaishi Kanda ya Ziwa, na jua la huku kila mmoja wenu analijua. Alipokuwa darasa la nne mafuta ya kliniki yalikatika, tukaambiwa tusubiri mgao unaofuata. Mke wangu alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kozi ya vipodozi asilia, la kulipia, na cheti unapewa. Mwalimu wa kozi alikuwa na somo zima la kutengeneza kinga ya jua nyumbani. Poda alikuwa anauza yeye mwenyewe. Maelezo yake yalikuwa haya: zinki oksaidi ndiyo madini ya kuzuia jua, imo kwenye losheni zote za bei mbaya, viwanda vinakuuzia maji na manukato, kwa hiyo nunua madini yenyewe uchanganye, upate kitu kikali kuliko cha dukani kwa robo ya bei.

Ubaya wa maneno yake ni kwamba nusu ni kweli. Zinki oksaidi ni dawa nzuri ya ngozi na ni ya zamani. Ile losheni ya waridi ya kalamaini tuliyopakwa wote tukiwa na tetekuwanga, ni zinki oksaidi iliyotiwa rangi kidogo na oksidi ya chuma. Kwenye kinga ya jua inasifika kwa sababu inazuia mionzi ya UVB inayounguza na pia sehemu kubwa ya UVA inayopenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi, na ni vichujio vichache vinavyofanya kazi zote mbili. Haichomi macho kama baadhi ya vichujio vya kemikali na ni nadra kumletea mtu mzio. Marekani wanairuhusu kwenye kinga ya jua hadi asilimia 25, na Umoja wa Ulaya nao tangu 2016 kiwango ni hichohicho. Kama swali lako lingekuwa "je, zinki oksaidi ni salama kwa ngozi ya mwanangu?", ningekujibu kwa neno moja: ndiyo. Ila hukuuliza kuhusu losheni yenye zinki. Umeuliza kuhusu poda na mwiko.

Sasa nikueleze kilichotokea, na nitakieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu hamtaki kuelewa.

Mke wangu alichemsha maji, akaweka bakuli juu ya mvuke, akayeyusha mafuta ya nazi na shea, akamwaga poda kwa vijiko kama alivyofundishwa, akakoroga mpaka mkono ukachoka. Akamalizia na matone ya mafuta ya ndimu ili yanukie. Yalitoka meupe, mazito, mazuri. Ukimpaka mtoto anakuwa kama katoka mashine ya kusaga, na ule weupe ndio uliotupa moyo. Tuliona kinga kwa macho yetu. Mwalimu naye alikuwa ametutumia video: kapaka mchanganyiko kwenye noti, kaiweka chini ya ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, alama zinazong'aa zikapotea. "Mmeona? Mionzi haipiti."

Basi yakawekwa kwenye makopo. Na hapa ndipo ilipo siri ambayo kozi haikuifundisha. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Kwetu huku saa nne asubuhi nyumba ya bati imeshapita hapo. Kila mchana mafuta kwenye kopo yanakuwa maji, na zinki oksaidi ni nzito, uzito wa chembe zake ni zaidi ya mara tano ya maji. Itafanya nini? Inazama. Usiku mafuta yanaganda tena, ukifungua asubuhi unakuta kopo limetulia vizuri, jeupe juu, huoni tofauti yoyote, kwa sababu mafuta ya nazi yakiganda nayo ni meupe. Mtoto anachota juu. Anajipaka mafuta ya nazi. Zinki imekaa chini ya kopo kama udongo wa mfinyanzi, na tuliikuta huko baadaye kwa kijiko, ikiwa imeshikamana na plastiki.

Shule ilikuwa na mchujo wa mbio za kupokezana vijiti, maandalizi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Huyu mtoto alikuwa anapenda kukimbia kuliko kula. Miaka yote tulimkatalia mashindano ya mchana, na alikuwa anakimbia jioni tu na wadogo zake. Mwaka ule tukamruhusu. Kisa tuna "SPF 50" kopo zima. Akavaa jezi ya mikono mifupi kama wenzake, kofia akaivua kwa sababu inamdondoka akikimbia. Tena mama yake alimpaka mwenyewe asubuhi, kwa wingi, na akampa kopo dogo ajipake tena mchana. Mtoto alifanya kila alichoambiwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jioni alirudi mwekundu mabega, shingo ya nyuma, masikio na midomo. Usiku hakuweza kulala upande wowote. Kesho yake mabega yalikuwa na malengelenge, na sikio moja limevimba mpaka lilisimama. Lakini angalia hiki kitu: mgongoni juu na kwenye mikono kulikuwa na mistari. Mistari myekundu na myeupe, imepangana, upana wa kidole. Zilikuwa ni alama za vidole vya mama yake. Pale ambapo poda ilibahatika kukaa nene, ngozi ilipona. Katikati ya kidole na kidole, ambapo kulikuwa na mafuta matupu, ngozi iliungua. Ungeweza kuweka mkono wako juu ya bega lake ukafuata jinsi alivyopakwa.

Na juu ya hayo, ile ndimu. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yana kemikali zinazofanya ngozi iungue zaidi ikipigwa na jua. Hii si siri, wanaotengeneza manukato wanaijua miaka nenda rudi. Mwalimu wa kinga ya jua alituwekea kiungo cha kuvutia jua ndani ya kinga ya jua! Nimejaribu kumtafutia udhuru nimekosa. Mke wangu alipomwandikia na picha za mtoto, jibu lilikuwa kwamba "huenda hamkukoroga vizuri", kisha akamtoa kwenye kundi. Kozi inaendelea hadi leo, na poda bado anauza. Watu wa aina hii hawajawahi kumpeleka mtoto hospitali usiku kwa ajili ya mapishi yao, wao wanauza na kusonga mbele, na wewe unabaki unabadilisha shuka iliyogandana na mgongo wa mwanao.

Majirani nao, Mungu awabariki, walileta dawa ya meno apakwe, mwingine asali. Msipake vitu hivyo kwenye ngozi iliyoungua na jua. Maji ya baridi ya kawaida, kitambaa safi, maji mengi ya kunywa, dawa ya maumivu, na malengelenge yasipasuliwe. Kama ni mtoto na ana malengelenge, nenda hospitali.

Kliniki ya ngozi tulikwenda na kopo. Daktari hakutufokea, na nadhani angetufokea ningeumia kidogo zaidi lakini ningesahau mapema. Alichukua kipande cha kioo, kile chembamba cha maabara, akapaka mchanganyiko wetu kidogo kwa kidole chenye glovu, kama unavyopaka ngozini. Akakiinua kuelekea dirishani akanipa lenzi ya mkononi. Nikaona vibonge vyeupe vimesambaa huku na kule, na kati yake njia tupu, angavu, mwanga unapita kama dirisha halina pazia. Kisha akapaka losheni ya kinga ya jua ya hospitali kwenye kioo kingine. Ukungu mmoja, sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Akasema chembe za zinki zinapendana. Ukizimwaga kwenye mafuta zinashikana vibonge, na mwiko wako, hata mashine ya kusagia juisi, haina nguvu ya kuvitawanya. Kiwandani wanatumia mashine za kusaga kwa nguvu kubwa, chembe zenyewe zimevalishwa ganda ili zisishikane, na kuna viungo vya kuzishikilia zisizame. Kazi yote ya losheni ipo hapo. Poda ni bei rahisi kwa sababu poda siyo kazi.

Kwa hiyo ile video ya noti? Ile ilikuwa tabaka nene lililopakwa kwenye karatasi bapa. Poda ya zinki ukiipaka nene hivyo ni kweli mionzi haipiti. Hakuna mtu anayepaka mwanawe unene ule, na ngozi siyo karatasi, ina mikunjo, vinyweleo na jasho.

Na SPF haihesabiwi kwa vijiko. Huyo ndugu wa vijiko vinne naomba anisikilize hapa. Namba ya SPF inapatikana kwa kupaka bidhaa iliyokamilika kwenye ngozi za watu maabara, miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, kisha wanaimulika kwa taa maalum na kuangalia ngozi inaanza kuwa nyekundu kwa mionzi kiasi gani. Hakuna njia ya mkato. Losheni mbili zenye asilimia 20 ya zinki zinaweza kutoa SPF tofauti kabisa, kwa sababu ya ukubwa wa chembe na jinsi zilivyotawanywa. Halafu kijiko chenyewe ni kipimo gani? Poda ya zinki kuna nyepesi inayopeperuka na kuna iliyoshindiliwa. Kijiko kimoja kinaweza kubeba mara mbili ya kingine kwa uzito. Mtu akikwambia SPF bila maabara, amekwambia namba aliyoipenda.

Sasa tuje kwenye huo mfuko wako. Umeandika lebo inasema zinki oksaidi asilimia 99 na basi. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna namba ya toleo, hakuna neno linalosema ni daraja la dawa au la vipodozi. Unajua zinki oksaidi nyingi duniani inakwenda wapi? Kwenye mpira, hasa matairi ya magari. Nyingine inakwenda kwenye rangi, kauri, na chakula cha mifugo. Zinki inachimbwa pamoja na madini yenye sumu, risasi na kadimiamu, na poda ya kiwanda cha matairi haijali masalia hayo kama inavyojali poda ya dawa, ambayo ina viwango vya kupimwa. Zote zikiwa kwenye mfuko wa nailoni zinafanana. Mwenye duka anayepima kwa kijaruba hawezi kukuambia ni ipi, na mara nyingi hajui kwamba kuna tofauti.

Pia usiimwage ovyo ovyo ndani ya nyumba yenye watoto. Salama kwenye ngozi haina maana ya salama kwenye mapafu. Ulaya wameruhusu zinki oksaidi kwenye losheni lakini wamekataza kwenye bidhaa zinazoweza kuifikisha mapafuni, kama za kupuliza. Mke wangu alikohoa siku ile anachanganya, wingu jeupe hadi kwenye mapazia, na mtoto amesimama mlangoni anatazama.

Umeuliza nano. Hofu hii inasambaa sana mitandaoni, na wanaoisambaza wengi ndio haohao wanaouza poda "isiyo nano", basi ujue. Uchunguzi uliofanyika umeonesha chembe hizo hubaki kwenye tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokufa ambalo linabanduka lenyewe. Huko Australia, ambako saratani ya ngozi ni janga na watu wanaishi ufukweni, watafiti walitumia zinki ya isotopu maalum ili waweze kuitofautisha na zinki iliyomo mwilini tayari. Wakawapaka watu wa kujitolea losheni kwa siku 5 ufukweni, wakapima damu na mkojo. Walikuta kiasi kidogo sana cha zinki ile, tone kwenye bahari ya zinki ambayo mwili wako unayo kila siku kutokana na maharage na nyama, na hawakuweza hata kusema kama kilipita kama chembe au kama zinki iliyoyeyuka. Kwa hiyo mwanao akipakwa losheni halali yenye chembe ndogo, usikose usingizi. Zile chembe ndogo ndizo zinazoifanya losheni isiwe nyeupe pee mpaka mtoto aone aibu kuivaa shuleni. Jua ndilo linaloua watu wenye ualbino nchini kwetu. Saratani ya ngozi inawachukua vijana ambao wangezeeka, na karibu yote inazuilika.

Upele wa nepi: hapo zinki ina haki yake, lakini krimu ya duka la dawa, si huo mfuko. Kausha kwanza, paka nene, badilisha nepi mapema. Kama kuna vidonda au upele una vipele vya pembeni vinavyosambaa, huenda ni fangasi, muone mhudumu wa afya.

Nirudi kwenye jambo langu, maana najua kuna mtu ataandika hapa chini: "Losheni za dukani ni ghali, si bora kitu kuliko kukosa kabisa?" Aliyeuliza hivyo tayari yupo kwenye ukurasa wa kwanza. Ndugu yangu, hapana. Ni kinyume chake. Wakati hatuna mafuta kabisa, binti yangu alikuwa anavaa shati la mikono mirefu, sketi ndefu, kofia pana, anakaa upande wa kivuli, na mchana hatoki. Hakuungua. Aliungua siku tuliyokuwa na kopo. Kopo la uongo lilimvua kofia. Lilimvua mikono mirefu. Lilitufanya sisi wazazi tuseme ndiyo kwa kitu ambacho tulikuwa tunasema hapana kila mwaka. Mtu asiye na kinga anajihadhari. Mwenye kinga ya bandia anatembea kifua mbele saa saba mchana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na ukisahau mengine yote ubaki nayo: zinki ya kuzuia jua inunuliwe au ipokelewe ikiwa losheni iliyokamilika na kupimwa, kwenye kopo lenye SPF, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Poda haiingii nyumbani. Si kwa nazi, si kwa shea, si kuongezea kwenye losheni yako ya kawaida ili "iwe kali". Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote kwa sababu linaonekana la kitaalamu. Ukimwaga poda kwenye losheni yenye maji unaivuruga, mafuta na maji vinaachana, na kihifadhi kinaweza kushindwa, halafu unampaka mtoto losheni yenye bakteria isiyozuia jua.

Utapata wapi? Anzia kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza siku ya watu wenye ualbino. Kuna losheni inayotengenezwa hapahapa nchini, Kilisun, inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, na inagawiwa kupitia kliniki. Usiinunue kwa mtu mtaani. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, TAS, kina viongozi mikoani, na wao ndio wanaojua mgao uko wapi na lini. Jiandikishe, mtoto awe kwenye orodha, kwa sababu tatizo letu lilikuwa hilo: tulikuwa tunakwenda kliniki tukikumbuka, kwa hiyo hakuna aliyetutafuta mafuta yalipofika. Ukilazimika kununua dukani, tafuta SPF 30 au zaidi, iandikwe kwamba inazuia UVA na UVB, na kumbuka tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, si TFDA tena, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, kwa hiyo muuzaji akikuonesha karatasi ya zamani ya TFDA kama uthibitisho, ondoka.

Losheni ikipatikana, mpake robo saa kabla ya kutoka, na usimpake kwa kubania. Wengi wetu tunapaka nusu ya kinachotakiwa au chini yake, na ukipaka nusu hupati namba iliyoandikwa kwenye kopo. Masikio, nyuma ya shingo, juu ya nyayo kama anavaa kandambili, na midomo kwa mafuta yake. Rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu akitoka jasho au kuoga. Na hata ukiwa na losheni bora duniani, kofia na mikono mirefu havitoki. Losheni inaziba pale ambapo nguo haifiki. Kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, awe ndani.

Ongea na mwalimu wa darasa uso kwa uso, usiandike barua. Sisi tulimpeleka mwalimu wa michezo kliniki, akaoneshwa. Tangu hapo gwaride la asubuhi binti yangu anasimama chini ya mwembe, na mbio zake zinapangwa saa kumi na moja jioni. Yuko sekondari sasa na bado anakimbia. Kila kliniki wanamkagua mabega na masikio, na kuna vidoa vya ukavu ambavyo wamekuwa wakivichoma kwa baridi kali ya naitrojeni kabla havijawa kitu kingine. Daktari anasema ni jumla ya jua lote la utotoni, huwezi kuelekezea siku moja. Sawa. Ila mimi kila nikiviona najua ni siku gani ninayoifikiria.

Huo mfuko ufunge kwenye mfuko mwingine, urudishe ulikonunua, mwambie mwenye duka ulitaka kuutumia kwa nini, pengine atasita kumuuzia mzazi mwingine. Kesho mtoto avae mikono mirefu na abaki ndani mchana. Na wewe andika hapa uko mkoa gani. Wa Mwanza, Geita, Shinyanga na Simiyu naweza kukuulizia siku za kliniki mwenyewe leo jioni. Wa mikoa mingine humu ndani wapo, nawaomba mjitokeze na siku za kliniki zenu, vipimo vya vijiko tumevipata vya kutosha.